Hapo Usipake

Mtu mwingine yeyote angeingia kwenye chekechea ile akawaangalia watoto kwanza. Brashi aliangalia kuta. Ndivyo alivyo, ni kazi yake na ni maradhi yake. Mwalike harusini, atakuambia dari ya ukumbi imepigwa rangi mara moja tu na kopo la pili lilikwenda nyumbani kwa fundi. Mwite msibani, atalia vizuri, machozi ya kweli, lakini katikati ya kilio jicho litamtoroka likaangalie pembe za chumba. Hata siku mkewe alipokuwa anajifungua, yeye alikuwa kwenye ujia wa hospitali akikwangua ukuta kwa ukucha na kutikisa kichwa. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho. Mtaani ni Brashi, na anaitikia kwa fahari.

Basi kuta za chekechea ile zilimkata maini. Huko juu zilikuwa na weupe uliochoka, na karibu na dari mvua ilikuwa imepenya ikaacha doa kubwa la rangi ya chai. Hayo aliyameza. Lakini kuanzia usawa wa kiuno chake kushuka chini palikuwa na balaa tupu. Viganja, vidole, magoti, na nyayo za kiatu kimoja ambacho mwenyewe, ni wazi, alijaribu kuupanda ukuta akakwama njiani. Pembeni mwa mlango palikuwa na mahali padogo paliposuguliwa mpaka rangi ikaisha na plasta ikachungulia nje.

Kwa mkono wa kulia alikuwa amemshika binti yake. Kidoti alikuwa na miaka minne, na jina hilo alilipata siku alipotambaa chini ya ngazi ya baba yake akadondokewa tone la rangi katikati ya paji la uso. Mtoto alikuwa ameganda kwenye mguu wa suruali ya baba, hasemi kitu.

"Hapa hapana," Brashi alisema moyoni, na kisigino kilishaanza kugeuka. Asingekuwa ameungua mwezi uliopita, angeondoka palepale na hadithi hii isingekuwepo.

Kuungua kwenyewe kulikuwa hivi. Tangu Kidoti azaliwe, alilelewa na bibi yake, mama wa Mama Kidoti, aliyekuwa akiishi nao. Kisha binti mdogo wa yule bibi, anayekaa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, akajifungua mapacha, na bibi akafungasha akaenda kusaidia. Mama Kidoti anauza kwenye duka la dawa, kwa zamu, leo asubuhi kesho jioni. Kazi ya kutafuta chekechea ikamwangukia baba. Naye akaenda kwenye shule ya kwanza, ile yenye geti la bluu, akazikuta kuta laini kama bakuli, rangi ya mafuta, mistari imenyooka, hakuna tone lililochuruzika popote. Akapitisha ukucha, haukuacha alama. Akaangalia nyuma ya mlango, mahali ambapo mafundi wavivu hudhani hapaonekani, akakuta napo pamepakwa mara tatu. Moyo ukamlainika. Kabla chai aliyokaribishwa haijapoa, mtoto alikuwa ameandikishwa.

"Na watoto je?" mkewe alimuuliza jioni ile.

"Watoto wametulia, wamekaa vizuri. Lakini ungeiona ile rangi, Mama Kidoti!"

Mwanaume alichagua shule kwa kupima rangi. Cheka tu, mtaa mzima ulishacheka. Lakini kilichofuata hakikumchekesha mtu.

Kidoti alikuwa na mdomo. Alikuwa akiongea tangu anapoamka mpaka usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Akikosa mtu, anaongea na ndoo. Makopo ya rangi ya baba yake alikuwa anayasalimia moja moja na kuyauliza yamelalaje. Baba mtu alikuwa akirudi kazini amechoka, shingo imekakamaa kwa kutazama dari kutwa, anaketi chini tu na kuyaacha yale maneno yampitie, na ndiyo ilikuwa dawa yake. Wiki ya tatu ya geti la bluu, yale maneno yakaanza kupungua. Wiki iliyofuata yakakauka. Kisha jioni moja wamekaa wanakula, Kidoti akainua mkono. Akaunyoosha juu, kidole kimoja, akabaki hivyo, mdomo umefungwa, macho kwa baba yake.

"Unataka nini, mama?" Brashi akamuuliza.

Mkono ukabaki juu. Ilibidi mama yake akisie: mkate? Ndizi? Maji? Yalikuwa maji. Mtoto wa miaka minne, nyumbani kwao, anaomba maji kwa kunyoosha mkono na kungoja ruhusa. Mama Kidoti alimwangalia mumewe mara moja tu, na lile jicho lilitosha.

Asubuhi yake Brashi akaenda geti la bluu bila taarifa. Akachungulia dirishani. Watoto walikuwa wamekaa kwa safu, kila mmoja ameweka kidole mdomoni. Hawakuwa wanapigwa, hawakuwa wanalia. Walikuwa wamekaa tu. Hapo ndipo jicho lake, kwa mazoea, likashuka kwenye ukuta, chini ya kiuno. Mara ya kwanza aliusifia. Sasa akauona. Amepaka nyumba za watu maisha yake yote, na hajawahi kuona nyumba yenye mtoto ambayo ukuta wake, pale mkono wa mtoto unapofika, umebaki safi. Hapa palikuwa pasafi kuliko darini. Hakuna mtoto aliyewahi kuugusa ule ukuta. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, akaingia ndani, akambeba binti yake, akaondoka naye.

Lakini ukimya nao waliondoka nao.

Na siku zilikuwa haziwangoji. Brashi alikuwa amepata kazi kubwa, jengo jipya la hospitali katika mji mwingine, na mafundi wote walitakiwa kulala hukohuko mpaka liishe. Safari ilikuwa Jumatatu, wiki mbili mbele.

"Mama amesema tumpeleke kwake," mkewe alimwambia. "Atamchanganya na wale mapacha. Angalau bibi anamjua."

"Umtoe mtoto kwako?"

"Unadhani napenda?" Sauti ya Mama Kidoti ilipasuka. "Wewe unaondoka. Mimi nina zamu. Mwanangu haongei, Baba Kidoti! Nimwache na nani? Nimpeleke kwenye rangi nzuri nyingine?"

Hilo la mwisho lilimwingia. Wakakubaliana: Brashi ajaribu mara moja zaidi. Kama mpaka Jumapili kabla ya safari mtoto hajarudi kuwa Kidoti wanayemjua, apande basi kwa bibi yake. Mama Kidoti akaanza kupanga nguo zake kwenye begi dogo, kidogo kidogo, kila siku gauni moja, na begi akaliweka nyuma ya mlango wa chumbani.

Ndiyo maana siku ile, mbele ya ukuta mbaya kuliko zote alizowahi kuziona, Brashi hakuondoka. Alijua ukuta mzuri ulimpeleka wapi.

Mwalimu alitokea uani, mama mfupi, mnene, raba miguuni, mfuko wa gauni umejaa vitambaa. Hakumwangalia Brashi. Alichuchumaa mbele ya Kidoti, akaweka mkono wake juu ya goti lake mwenyewe, kiganja kimeangalia juu, akangoja. Hakuuliza "unaitwa nani?" Hakusema "mtoto mzuri". Kidoti akajificha nyuma ya mguu wa baba.

"Sawa," Mwalimu akasema taratibu. "Mkono utakuwepo hapa." Akainuka, na magoti yake yakalia. Sasa ndipo akamgeukia mkubwa. "Karibu, baba. Hapa kwetu mzazi hatuulizi sisi kitu, wala sisi hatumuulizi yeye kitu, mpaka akae nasi asubuhi moja."

"Nikae wapi?"

Mwalimu akamwonyesha kiti. Kilikuwa cha watoto. Brashi ni mtu wa futi sita na kitu, miguu mirefu ya kupandia ngazi, na alipoketi magoti yakaja kumsalimia masikio. Watoto wawili wakaja kumtazama kwa huruma, kisha wakaenda zao.

Sasa sikiliza alichokiona, maana ni yeye mwenyewe aliyekihadithia baadaye, na alikihadithia mpaka watu wakamkimbia.

Kwanza aliona pale mlangoni palipoisha rangi. Alifika mtoto wa kiume mwenye viatu vyekundu, amemng'ang'ania mama yake, analia kama anauzwa. Mama akambusu akaondoka haraka, naye machozi yanamlengalenga. Mtoto akaweka kiganja ukutani, palepale pa plasta, akaanza kusugua, juu, chini, juu, chini, huku analia. Mwalimu hakumbeba, hakumbembeleza, wala hakumwambia wanaume hawalii. Aliketi sakafuni jirani yake akawa anamenya ndizi, polepole, hamwangalii. Kilio kikapungua kikawa kwikwi. Mkono ukapunguza mwendo. Ndizi ilipokwisha kumenywa, mtoto alikuwa tayari kuila. Akapewa nusu, nusu akala Mwalimu, na siku ikaanza.

Kisha ukazuka ugomvi wa ndoo uani. Wawili wameishika, kila mmoja anavuta kwake, wanapiga kelele za kuamsha mtaa. Brashi angeinyang'anya ile ndoo, mimi ningeinyang'anya, wewe pia. Mwalimu alichuchumaa akauliza, kwa udadisi kabisa, "Ndoo inakwenda wapi?"

"Kupika!" wakasema wote wawili.

"Ahaa. Mpishi nani?"

"Mimi!" mmoja akawahi.

"Na anayekula?"

Yule wa pili akafikiri. "Mimi. Lakini nataka chakula kingi."

Ndoo ikaachiwa. Mpishi akapika mchanga, mteja akalalamika umekosa chumvi.

Sauti ya yule mama haikupanda asubuhi nzima. Kelele zikizidi, yeye alikuwa anaishusha. Anaanza kusimulia jambo kwa sauti ya chini, kama anamwambia mtu mmoja siri, na watoto wenyewe wananyamazishana ili wasikie. Brashi aliliona hilo likitendeka mara ya kwanza akadhani ni bahati. Mara ya pili akasogeza kiti mbele. Binti mmoja mdogo sana alikuwa anajimiminia maji kutoka kwenye jagi kubwa kama yeye, na kila mtu mwenye akili angemwahi. Mwalimu aliweka mikono nyuma akaangalia tu. Maji yakaingia kikombeni, kisha yakaendelea kuingia kwenye suruali ya Brashi. Mwalimu akatoa kitambaa mfukoni akampa binti. Binti akafuta meza, akafuta sakafu, kisha akaja kumfuta Brashi goti, kwa makini, pande zote. "Tayari," akamwambia, na Brashi akasema asante.

Tuelewane hapa. Brashi si mtu wa kusifu watu. Ni fundi anayepiga mstari kati ya rangi mbili kwa mkono mtupu, bila utepe wa kuzuia rangi, bila rula, amebana pumzi, na mstari unatoka umenyooka. Na kwa sababu hiyo hakuna fundi mwingine aliyewahi kumridhisha. Lakini alipokuwa amekaa pale, suruali imelowa, magoti masikioni, aliutambua mkono wa fundi. Aliona mtu anayejua wapi pa kugusa na wapi pa kuacha, na anayeacha kwa makusudi. Watoto wote wale, na yule mama hakumwaga hata tone, kama wasemavyo mafundi wa rangi. Alimpenda palepale, mapenzi ya fundi kwa fundi, na roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya mkono ulionyooshwa.

Mchana Mwalimu akaja kuketi kwenye kiti kidogo kingine. "Haya, baba. Umeona nini?"

"Nimeona kuta zako chafu, mwalimu."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Na kingine?"

Brashi akakung'uta suruali yake iliyolowa. "Nimefanya kazi na mafundi wengi," akasema mwishoni. "Sijamwona kama wewe."

Kisha akamweleza yote: geti la bluu, mkono wa kuomba maji, begi nyuma ya mlango, safari ya Jumatatu. Akamaliza kwa swali. "Utaweza kumfanya aongee?"

"Hapana," Mwalimu akasema. "Sitamfanya. Siku akitaka kuongea, atatukuta tunasikiliza."

Jibu hilo mzazi mwingine angelichukulia kama dharau. Brashi alimwandikisha mtoto siku ileile.

Kidoti alichagua pembe yake siku ya kwanza, chini ya dirisha, mgongo ukutani, magoti amekunja. Akakaa hapo. Siku ya pili akakaa hapo. Brashi alikuwa akijifanya amesahau kitu ili apite kuchungulia, na kila akichungulia, mtoto yuko palepale, macho yanafuata kila kitu, mdomo kimya. Jioni mkewe akirudi alikuwa anauliza neno moja tu: "Leo?" Brashi anatikisa kichwa. Mama Kidoti anakwenda chumbani, na begi linaongezeka gauni.

Ijumaa ya mwisho Mwalimu alimwita pembeni. "Jana alicheka."

Brashi akamsogelea. "Kwa sauti?"

"Bila sauti. Lakini mabega yalitikisika."

Brashi aliipokea habari ya hayo mabega kwa mikono miwili. Hata kama mtoto angepanda basi keshokutwa, mtu huyu alikuwa amemfanya mwanawe acheke, na Brashi hakutaka kuondoka bila kumshukuru. Naye shukrani yake ni moja.

"Mwalimu, kesho hamna watoto. Nina rangi imebaki kwenye kazi fulani, nyeupe nzuri kabisa. Niachie nikupakie."

Uso wa Mwalimu ukang'aa. "Utakuwa umenisaidia sana, baba. Lile doa la mvua linanikera mno. Paka huko juu, na dari. Chini acha."

"Chini niache?"

"Chini acha."

Alimsikia vizuri, hana matatizo ya masikio. Ila alijiambia kwamba mama wa watu anaona haya kumchosha. Fundi gani anapaka juu akaacha chini? Ni sawa na kumnyoa mtu nusu ya kichwa ukamwambia nenda zako.

Jumamosi akaenda na ngazi, rola na makopo, na Kidoti nyuma yake, kwa kuwa mama alikuwa zamu ya asubuhi. Mwalimu alikuwa uani anaosha midoli kwenye beseni. Kidoti akaenda moja kwa moja kwenye pembe yake na chaki zake. Brashi akakwangua doa la mvua, akalipiga dawa, akapaka dari, akapaka kuta kushuka. Alipaka kama anapaka ikulu. Saa za mchana juu kote kulikuwa kunameta, na hilo ndilo lililoleta balaa, kwa sababu jinsi juu kulivyozidi kung'aa, ndivyo chini kulivyozidi kumtukana machoni. Alivumilia. Alishuka kwenye ngazi, akanywa maji, akageuza uso. Ukuta ukamwita. Mwisho akachanganya sabuni kwenye ndoo, akachukua sponji, akaamua kuanzia chini ya dirisha, kwenye pembe.

"Sogea kidogo, mama," akamwambia Kidoti.

Kidoti akasogea. Pale alipokuwa ameegemea palikuwa na alama ndogo ya mviringo, mgongo wa mtoto. Kando yake palikuwa na alama nyingine, pana na ya juu zaidi, kama ya meza iliyosukumwa ukutani muda mrefu. Brashi akajiuliza ni meza gani, akakamua sponji, akainua mkono.

"Hapo usipake!"

Alidhani ni mtoto wa nje. Akageuka kuangalia mlangoni, hakuna mtu. Aliporudisha uso, Kidoti alikuwa amesimama mbele ya ukuta, ametanua mikono yote miwili, chaki imemvunjikia kiganjani.

"Hapo usipake, baba! Hapo ni pangu! Ninakaa mimi!" Sauti ilikuwa nzito kidogo, imekwaruza kwa kukaa bure, lakini ilikuwa yake. "Na pale ni pa yule wa viatu vyekundu, mama yake akienda anaweka mkono pale. Ukipaka ataweka wapi mkono? Atalilia wapi? Na hili ni goti la Bosi, yule wa ndoo, alianguka, akasema halii, lakini alilia kidogo, mimi nilimwona. Na hivi viatu ni vya yule anataka kupanda juu, hajafika, atafika kesho. Usifute!"

Maji ya sabuni yalikuwa yanamchuruzika Brashi kwenye kiwiko, yanaingia mkono wa shati, hana habari. Mlangoni alimwona Mwalimu amesimama, mikono ina povu. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumrusha mtoto juu mpaka aguse dari mbichi. Mwalimu akamtikisia kidole kidogo, chini chini: tulia. Naye fundi akamtii fundi. Akachuchumaa, akaweka sponji ndani ya ndoo, akauliza kwa udadisi, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani, "Na hii meza? Ni meza gani inakaa hapa?"

"Siyo meza!" Kidoti akamshangaa. "Huo ni mgongo wa Mwalimu. Mwalimu anakaa na mimi. Kila siku anakuja anakaa. Mimi siongei na yeye haongei. Tunakaa tu."

Brashi akaiangalia ile alama pana, kisha akamwangalia mama mnene mlangoni, aliyejua kwamba magoti yake yanalia kila akiinuka, na ambaye alikuwa amekwenda chini kwenye sakafu kila siku, akaegemea ukuta kando ya mtoto aliyenyamaza, akanyamaza naye. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na sabuni.

"Mwalimu alikuambia juu tu, mimi nilisikia," Kidoti akaendelea. "Hukusikia?"

"Nilisikia, mama. Baba yako ana kichwa kigumu."

"Ee," Mwalimu akasema, "basi mwenye pembe yake akuelekeze."

Akaelekezwa. Palipobaki kupakwa palikuwa ukingo tu, pale weupe mpya unapokutana na dunia ya watoto, na Brashi aliupiga kwa mkono mtupu, amebana pumzi, Kidoti kando yake anamsimulia bila kupumua nani ni nani kwenye ukuta. Mstari ulizunguka chumba kizima juu ya kila kiganja na kila goti, haukugusa hata kidole kimoja. Ukimwuliza leo, baada ya mahoteli na mahospitali yote aliyopaka, kazi gani ni bora kuliko zote, atakutajia ukuta alioupaka nusu.

Jioni Mama Kidoti alirudi amechoka. Brashi hakumwambia kitu. Alitaka asikie mwenyewe, na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa amesikia yeye, mpaka mtoto akalala begani katikati ya neno. Sasa Kidoti alikuwa ameamka, ameketi kwenye kiti chake, macho bado yana usingizi. Mama mtu akammiminia kila mmoja chai. Hakuuliza "leo?" Siku ile hakuwa na nguvu ya kuuliza.

"Mama amepiga simu," akasema, anaangalia kikombe. "Anataka kujua basi la kesho la saa ngapi."

Brashi alijaribu kunyamaza kama Mwalimu, na ilikuwa kazi ngumu kuliko dari.

Mkono wa Kidoti ukainuka. Ukanyooka juu, kidole kimoja. Mama Kidoti akauona, akafumba macho, akaanza kunyoosha mkono kwenye jagi la maji.

"Baba," Kidoti akasema, kidole kikiwa kimeelekea juu, "mbona dari yetu chafu hivyo? Ya Mwalimu umepaka, ya kwetu hujapaka. Kule kwenye pembe kuna buibui, ana watoto, watoto wake wanaitwa—"

Jagi lilianguka, maji yakaenea mezani. Kidoti akachukua kitambaa, akafuta meza, akateremka akafuta sakafu, huku anaendelea kuwataja watoto wa buibui. Mama Kidoti aliinuka akaingia chumbani, na kutoka huko wakasikia zipu ya begi ikifunguliwa, kisha kabati, kisha tena kabati. Aliporudi alikuwa amenawa uso na bado umelowa. Akavuta kiti karibu na cha binti yake, akaketi.

"Haya, mama, endelea," akasema. "Yule wa mwisho anaitwa nani?"